Kufungua biashara ndogo vijijini Kanada: msaada wa serikali uko mkononi mwa nani

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili walioko Kanada kuna swali lisilokauka: "Jamani, hizi pesa za serikali za kufungulia biashara mtu anaombea wapi?" Mmoja atajibu kwamba ni uongo mtupu. Mwingine atatuma namba ya wakala anayetaka alipwe kwanza. Wote wawili wanapotosha. Msaada upo, tena mkubwa, ila karibu wote hautoki serikalini ukaja moja kwa moja kwako. Unapitia kwa mtu wa kati: benki, shirika la mikopo la eneo lako, au kampuni ya simu. Ukishajua nani ameshika mfuko unaokuhusu, umeshajiepusha na nusu ya usumbufu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufungua duka, mgahawa, karakana au saluni nje ya miji mikubwa: Timmins, Sudbury, Brandon, Moose Jaw na vijiji vinavyoizunguka miji kama hiyo. Siku hizi wengi wetu wanaangalia huko kwa sababu ya mipango ya uhamiaji ya vijijini iliyoanza kupokea watu mwaka 2025, ukiwemo ule wa wanaozungumza Kifaransa, ambao unawafaa sana Wakongo na Warundi. Dola zote nitakazotaja ni za Kanada.

Kwanza, angalia karatasi zako

Kama kibali chako cha kazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja, hakikupi ruhusa ya kujiajiri pembeni. Usifungue biashara ukidhani utarekebisha baadaye, maana unaweza kuharibu ombi lako la ukaazi wa kudumu kwa ajili ya kibanda cha sambusa. Wakaazi wa kudumu na raia hawana tatizo hilo. Wenye namba ya SIN (namba ya utambulisho ya kazi na kodi) inayoanzia na 9, yaani ya muda, watakuta milango mingi ya mikopo imefungwa hata kama kibali chao ni cha wazi, yaani hakijafungwa kwa mwajiri mmoja. Bora waulize mapema kabla ya kuingia gharama za kuandaa mafaili.

Pili, pima intaneti kabla ya kusaini pango

Hatua hii watu wengi huiacha mwisho, nami naiweka karibu na mwanzo kwa makusudi. Fremu ya bei rahisi barabarani nje ya mji inaweza kuwa rahisi kwa sababu moja tu: hapana mtandao wa maana. Mashine ya kadi inakwama, oda za mtandaoni hazifiki kwa wakati, kamera za ulinzi hazirushi picha. Na pango ukishalisaini, umelisaini.

Desemba 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Kanada, CRTC, ilitangaza kwamba intaneti ya kasi ni huduma ya msingi kama simu ya mezani ilivyokuwa zamani. Ikaweka kiwango: megabiti 50 kwa sekunde kupakua na 10 kupakia, pamoja na uwezekano wa kupata kifurushi kisicho na kikomo. Mwaka 2019 serikali kuu ikaweka shabaha ya kufikisha kiwango hicho kwa asilimia 95 ya kaya ifikapo 2026, na kwa zote ifikapo 2030. Fedha zikafuata. Mfuko wa Universal Broadband Fund ulifunguliwa Novemba 2020 ukiwa na dola bilioni 1.75, na bajeti ya 2021 ikauongezea bilioni nyingine moja. CRTC nayo ina mfuko wake, unaojazwa na michango ya kampuni zenyewe za mawasiliano.

Sababu ya fedha nyingi namna hiyo iko ardhini. Kaskazini mwa Ontario na Quebec kuna mwamba mgumu karibu na uso wa ardhi, nyumba zimetawanyika, na majira ya baridi yanabana muda wa kuchimba. Kuvuta faiba, yaani waya wa intaneti ya kasi, kilomita kadhaa ili kupata wateja wachache ni hasara, na kampuni haiingii mpaka mtu alipie pengo. Huyo mtu ndiye serikali.

Angalia sasa neno "kaya" hapo juu. Shabaha inahesabiwa kwa nyumba za watu, si kwa fremu za biashara. Kijiji kinaweza kutangazwa kimefikiwa huku duka lako lililo peke yake kwenye makutano ya barabara kuu likiwa halijaunganishwa. Kwa hiyo pima mwenyewe, hivi:

Fungua ramani ya taifa ya intaneti kwenye tovuti ya wizara ya viwanda, inayojulikana kwa kifupi kama ISED. Ukiitazama kwa mbali utaona nchi imegawanywa kwa vipande vya pembe sita, kila kimoja kilomita za mraba 25. Usiamini rangi ya kipande. Eneo la ukubwa huo linaweza kuwa na faiba upande wa kanisa na kuwa kavu kabisa upande wa kituo cha mafuta. Sogeza karibu zaidi mpaka uone barabara zenyewe zimekatwa vipande vya mita 250, kisha tafuta kile kinachopita mbele ya jengo lako. Hicho ndicho cha kuangalia.

Halafu usiishie hapo. Ramani inaonyesha kwamba huduma inapatikana kwenye kipande kile cha barabara, haikuhakikishii kwamba jengo lako lina waya. Piga simu kwa kila kampuni iliyotajwa, toa anwani kamili, na uulize mambo matatu: mtaunganisha jengo hili au hapana, lini, na nani analipa gharama ya kuvuta waya kutoka barabarani hadi ukutani. Hilo la mwisho linaumiza. Jengo lililoingia ndani mita nyingi kutoka barabarani linaweza kuletewa bili ambayo hukuipangia bajeti. Omba jibu kwa barua pepe, si kwa mdomo, na ulihifadhi.

Ukiambiwa mradi "unakuja", uliza unafadhiliwa na mfuko gani na unatakiwa kukamilika mwaka gani. Miradi iliyopata fedha za serikali hutangazwa hadharani, kwa hiyo unaweza kuhakikisha. Kama haionekani popote, ichukulie kama haipo.

Na kama hakuna kabisa? Wewe kama mwenye duka huwezi kuomba fedha za mifuko ile. Waombaji ni kampuni za intaneti, halmashauri, serikali za jamii za wenyeji asilia na taasisi za namna hiyo. Unachoweza ni kuisukuma halmashauri. Kusanyeni barua za wafanyabiashara na majirani, kila moja ikitaja anwani na kasi mnayopata sasa, mzipeleke kwenye kikao cha baraza la mji. Msidharau njia hii. Mashariki mwa Ontario halmashauri za vijijini ziliungana zikaunda chombo chao, EORN, na ndicho kilichokwenda kuzungumza na serikali na kampuni za simu kwa niaba ya eneo zima. Diwani wa mji wa watu 3,000 anakujua kwa sura, mtumie.

Wakati mnasubiri, kuna intaneti ya setilaiti za anga ya chini na ile ya minara inayorushwa bila waya. Zote zinafanya kazi, ila pima kasi ya kupakia, si ya kupakua tu, tena jioni watu wanaporudi nyumbani. Mwombe jirani anayetumia kampuni hiyohiyo akuonyeshe kipimo chake cha saa mbili usiku. Ni bora kuliko tangazo lolote.

Mambo mawili madogo kabla sijaondoka hapa. Familia inayopata kiwango cha juu kabisa cha posho ya watoto inaweza kustahili mpango wa Connecting Families, ambao una kifurushi cha nyumbani cha dola 20 kwa mwezi; kwa anayeanza na biashara ya jikoni mwake hiyo ni nafuu kubwa. Na kampuni ikikutoza tofauti na mlivyokubaliana, lalamika kwake kwanza. Ikishindikana, nenda CCTS, chombo huru kinachosikiliza malalamiko bila malipo, ya watu binafsi na ya biashara ndogo pia.

Tatu, sajili, na fedha zako zionekane

Usajili wenyewe si mgumu. Ukiwa peke yako na biashara haina hatari kubwa, usajili wa jina kwenye jimbo unatosha. Ukitaka kampuni kamili, unaweza kuisajili kwa jimbo au kwa serikali kuu. Mamlaka ya kodi, CRA, itakupa namba ya biashara yenye tarakimu tisa. Kodi ya mauzo, GST au HST kutegemea jimbo, inakuwa lazima mauzo yakipita dola 30,000 ndani ya robo nne mfululizo. Madereva wa teksi na wa programu za kubeba abiria hawana msamaha huo: wanajisajili kuanzia dola ya kwanza. Hata wewe ambaye hujafika kiwango, fikiria kujisajili kwa hiari kama unanunua vifaa vya gharama, kwa sababu kodi uliyolipa kwenye oveni na friza unaweza kuidai irudi. Ukiuza chakula, mkaribishe mkaguzi wa afya aone mpangilio wa jiko ukiwa bado kwenye karatasi. Kubomoa sinki lililowekwa vibaya ni ghali.

Kinachotushinda wengi ni uthibitisho wa fedha. Mtaji wetu mara nyingi unatoka kwenye upatu, chama, au likelemba kwa ndugu zetu wa Kongo. Ni njia ya heshima na imejenga watu, lakini afisa mikopo anaona kitu kimoja: dola 12,000 zimeingia ghafla kwenye akaunti siku ya Jumanne, kutoka kwa watu saba. Atauliza, na ana haki ya kuuliza. Andaa maelezo mapema: daftari la mzunguko lenye tarehe, michango yako ya kila mwezi ikionekana ikitoka kwenye akaunti yako, na barua fupi ya mweka hazina. Fanyeni michango kwa njia ya benki, si taslimu. Miezi sita ya taarifa za benki zilizonyooka ina nguvu kuliko hadithi nzuri.

Angalia pia historia yako ya mikopo kwa Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu hizo. Mgeni asiye na historia si mkopaji mbaya, ila mashine za benki haziwezi kutofautisha. Ndiyo maana hatua inayofuata haianzii benki.

Nne, anza na Community Futures

Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka kwenye mwongozo huu, ni jina hili. Community Futures ni mtandao wa mashirika yasiyo ya faida, zaidi ya 260 nchi nzima, uliozaliwa katikati ya miaka ya 1980 mahsusi kwa maeneo ya vijijini. Quebec yanaitwa SADC, na majimbo ya Atlantiki CBDC. Serikali kuu inayapa fedha kupitia mashirika yake ya maendeleo ya kanda, lakini maamuzi ya mikopo yanafanywa palepale, na bodi ya watu wa eneo hilo: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwalimu mstaafu, mhasibu wa mji.

Kwa miaka mingi kikomo cha mkopo wao kilikuwa dola 150,000, na baadhi ya maeneo sasa yanafika juu zaidi. Riba mara nyingi ni ya juu kidogo kuliko ya benki. Hilo lisikutishe, kwa sababu wamewekwa pale kuwakopesha hasa watu ambao benki imewakataa au inasita nao. Ushauri wao ni wa bure. Atakaa nawe mtu kupitia mpango wa biashara mstari kwa mstari, na atakuambia kama mji ule tayari una saluni tatu.

Nenda na nini? Kurasa chache zinazoeleza unauza nini, kwa nani, na kwa nini hapo. Makadirio ya mzunguko wa fedha wa miezi 12, mwezi kwa mwezi, na Januari na Februari uziandike kwa uchungu: kwenye miji mingi ya kaskazini watu hawatoki nyumbani. Profoma za vifaa kutoka kwa wauzaji wawili. Barua ya mwenye jengo. Na lile jibu la kampuni ya intaneti ulilolihifadhi. Bodi ya kijijini inaelewa thamani ya karatasi hiyo kuliko benki yoyote ya Toronto.

Anayeamua anaweza kuwa jirani yako. Hii ina faida na hatari. Ukilipa vizuri, jina lako linatembea. Ukichelewa bila kupiga simu, linatembea pia.

Tano, benki, na ile dhamana ya asilimia 85

Mpango mkubwa wa mikopo ya biashara ndogo unaitwa Canada Small Business Financing Program. Mizizi yake ni sheria ya mwaka 1961, na ulivyo sasa umetokana na mabadiliko ya Julai 2022. Biashara yenye mapato ya mwaka yasiyozidi dola milioni 10 inaweza kukopa hadi milioni 1.15 kwa jumla: milioni moja ya mkopo wa muda, ambapo kiasi kisichozidi 500,000 ndicho cha vifaa na ukarabati wa jengo la kupanga, na 150,000 ya mkopo wa mzunguko kwa matumizi ya kila siku.

Serikali haikukopeshi. Anayekukopesha na kuamua ni benki au chama cha mikopo. Serikali inamwahidi kwamba hasara ikitokea italipa asilimia 85. Maafisa wengi hawautaji mpango huu wenyewe kwa sababu una karatasi nyingi. Utaje wewe, kwa jina.

Tufanye hesabu. Unakopa dola 80,000 za vifaa vya mgahawa. Ada ya usajili ni asilimia 2, yaani 1,600. Riba inayobadilika haiwezi kuzidi riba ya msingi ya benki pamoja na pointi 3. Kwa mkopo wa mzunguko ni pointi 5. Sasa biashara imeanguka ukiwa unadaiwa 50,000. Vifaa vinauzwa kwa 20,000. Hasara iliyobaki ni 30,000, na serikali inaifidia benki 25,500. Wengi wanasikia hapa na kudhani wao wamesamehewa. Sivyo. Kabla ya kudai fidia hiyo, benki inapaswa kwanza kufuata kila njia ya kulipwa, ikiwemo dhamana binafsi uliyoitia saini. Dhamana ya serikali inamlinda mkopeshaji. Kwako faida yake ni kwamba amekubali kukukopesha.

Wakulima hawamo humo. Wao wana mpango wao wenye dhamana ya asilimia 95, na kuna Farm Credit Canada, mkopeshaji wa serikali kwa kilimo.

Sita, milango mingine

Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 39 na ni mkaazi wa kudumu au raia, pita Futurpreneur, shirika la kusaidia vijana wanaoanza biashara: mkopo wao huja na mlezi wa kibiashara anayekaa nawe hadi miaka miwili. Mlezi huyo, kwa maoni yangu, ana thamani kuliko fedha zenyewe kwa mtu asiyejua mji.

Kwa wafanyabiashara weusi kuna mpango uliotangazwa mwaka 2020, na mfuko wake wa mikopo, unaosimamiwa na shirika la FACE, ulianza 2021 kwa mikopo ya hadi dola 250,000. Usitegemee jibu la haraka. Andaa faili kama unavyoandaa la benki.

Wenye Kifaransa walioko nje ya Quebec wana mtandao wa RDÉE, unaosaidia biashara za jamii za Kifaransa. Mkongo aliyeko Sudbury ambaye anahangaika na fomu za Kiingereza hana sababu ya kuteseka: huduma za serikali kuu zinatolewa pia kwa Kifaransa.

Mashirika ya kanda yenyewe, kama FedNor kaskazini mwa Ontario, ACOA upande wa Atlantiki na PrairiesCan kwenye majimbo ya nyanda, ni ya baadaye. Mara nyingi yanatoa fedha zisizo na riba lakini zinazorejeshwa, kwa biashara iliyokwishasimama na inayotaka kukua. Duka la mwezi wa tatu liko mbali na hapo.

Mwisho, mitego

Mipango inafunguliwa na kufungwa. Ule wa kusaidia biashara kuingia mtandaoni, CDAP, uliacha kupokea maombi mwaka 2024, na bado kuna watu wanauza huduma ya kukuombea. Tumia zana ya serikali iitwayo Business Benefits Finder: jibu maswali yake, nayo inakuletea mipango iliyo hai katika jimbo lako. Ni bure. Anayedai umlipe ili akupatie ruzuku ya kuanzia, muulize jina la mpango, kisha ulitafute mwenyewe.

Jambo la pili linawahusu wanaonunua biashara iliyopo, na vijijini ni njia nzuri, kwa kuwa wenye maduka wengi wanazeeka na watoto wao wamekwenda mjini. Wakati wa korona serikali ilikopesha biashara hadi dola 60,000 kupitia CEBA. Muda wa kusamehewa sehemu ya deni uliisha Januari 18, 2024, na zilizobaki ziligeuka mkopo wa riba ya asilimia 5 unaotakiwa kumalizika Desemba 31, 2026. Ukinunua hisa za kampuni, deni hilo unalinunua pamoja nayo. Ukinunua vifaa, jina na mali ya dukani tu, linabaki kwa aliyekopa. Muulize muuzaji waziwazi, na mwanasheria aliandike jibu lake ndani ya mkataba kabla hujatoa hata dola ya kishika uchumba.